Jinsi ya Kuendesha Baiskeli ya Milimani Katika Hifadhi ya Bustani za Matunda na Miti Mikongwe

Shina la mtufaha uliopandwa miaka 80 iliyopita likigongwa na pedali hupata jeraha kwenye gome, na kwa kawaida mti huweza kulizungushia jeraha hilo gome jipya kidogo kidogo. Ardhi iliyo chini yake haina uvumilivu huo. Sehemu kubwa ya mizizi myembamba inayoufyonzea mti maji na chakula imetandaa karibu na uso wa udongo, tena huenda mbali kupita kivuli cha matawi, na mizizi hiyo huishi kwa hewa iliyomo katika nafasi ndogo ndogo baina ya punje za udongo. Matairi yanapopita mara kwa mara juu ya udongo uliolowa, nafasi hizo hugandamizwa, maji yakashindwa kuzama na hewa ikakosekana, na mti ambao umri umekwisha kuupunguzia akiba huanza kukauka kuanzia ncha za matawi ya juu. Dalili hizo huweza kuonekana baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo aliyepita na baiskeli yake hakumbuki hata kama aliwahi kupita hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ruhusa na hali ya ardhi, na baiskeli yenyewe itakuja baadaye.

Njia ni ya nani

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, huyagawa maeneo ya hifadhi katika makundi, na mandhari za bustani za zamani kama hizi kwa kawaida huingia kundi la V, yaani mandhari ambazo thamani yake imetokana na watu na mazingira kuishi pamoja kwa muda mrefu. Maana yake kwa mwendesha baiskeli ni kwamba, tofauti na mbuga ambayo ardhi yote ni ya serikali, hapa kuna wenye mashamba, mifugo, ngazi za kuchumia matunda na mageti. Njia inayoonekana wazi machoni huenda ni njia ya mkulima ya kupitishia trekta lake tu.

Sheria nazo hutofautiana sana, hata baina ya nchi zinazopakana. England na Wales, Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli haki ya kutumia njia za farasi kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi, lakini njia za miguu peke yake hazimpi haki hiyo. Scotland, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, hali ni pana zaidi, kwa kuwa mtu ana haki ya kupita sehemu kubwa ya ardhi, kwa baiskeli pia, mradi apite kwa uwajibikaji. Katika jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani baiskeli hairuhusiwi kwenye njia za msituni zenye upana wa chini ya mita 2, na Austria barabara za misitu kwa kawaida zimefungwa kwa baiskeli mpaka zitangazwe kuwa wazi. Kwa hiyo anza na ramani rasmi ya hifadhi na vibao vilivyopo mlangoni. Ramani za simu zinazoonyesha njia kwa rangi kali kwa sababu watu wengi wamepita hapo hazikuelezi kama watu hao waliruhusiwa, na mimi huzitumia tu baada ya kuzilinganisha na ile rasmi.

Siku ya kwenda

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanywa nyumbani, kabla ya kutoa baiskeli. Udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa hushika maji vizuri, hubaki laini siku kadhaa baada ya mvua kubwa hata kama uso wake umekauka na kubadilika rangi. Udongo wa kichanga hukauka mapema zaidi. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: ukifika mwanzo wa njia, shuka, kanyaga kwa kisigino kwa uzito wako wote, kisha tazama alama. Kisigino kikiacha alama hafifu tu, endelea. Kikizama kiasi cha kuingia ncha ya kidole, chagua barabara ya changarawe au rudi siku nyingine. Kwenye nchi zenye baridi kali kuna mtego mwingine, kwamba ardhi iliyoganda alfajiri huwa ngumu kama saruji, halafu kufikia saa sita mchana tabaka la juu huyeyuka huku la chini likiwa bado limeganda, na maji yakakosa pa kwenda. Hapo tope huwa baya kuliko la mvua. Anayetaka kwenda msimu huo atoke mapema na awe amekwisha kurudi kabla jua halijapanda sana.

Nasema haya nikiwa na kosa langu mwenyewe kichwani. Mwisho wa majira ya baridi nilipita kwenye mteremko mfupi baina ya safu mbili za mipea, nikashika breki ya nyuma kwa hofu, na gurudumu likachora mfereji wa hatua kama sita hivi. Niliporudi miezi mitatu baadaye mfereji ulikuwa bado upo, umejaa maji, na pembeni yake watu wengine waliokuwa wakilikwepa lile dimbwi walikuwa wamekwisha kufungua njia ya pili na kuanza ya tatu. Nilipiga goti nikaupima kwa kidole: ulizama mpaka kiungo cha pili, na mzizi mwembamba ulikuwa umetokeza ukutani, umechunika upande mmoja. Mfereji mmoja ulikuwa umezaa njia tatu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amekusudia kuharibu kitu.

Kuitayarisha baiskeli

Baiskeli ya milimani ya kawaida inatosha, na hakuna haja ya mashine ya gharama yenye shokapu ndefu, kwa kuwa bustani za matunda mara nyingi ziko kwenye miinuko ya wastani wala si kwenye majabali. Kilicho muhimu ni mgusano wa tairi na ardhi. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80 mwenye matairi yasiyo na tyubu ya upana wa inchi 2.3 au 2.4, anza na upepo wa pauni 22 kwa inchi ya mraba mbele na 25 nyuma, kisha rekebisha kidogo kidogo. Anayetumia tyubu aongeze pauni 3 hadi 5, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye mzizi na kuitoboa matundu mawili yanayofanana na meno ya nyoka. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka juu ya mizizi, hupoteza mshiko, na mwendeshaji hujikuta akishika breki kwa nguvu mahali ambapo hakupaswa kuigusa kabisa. Meno marefu sana ya tairi nayo si faida hapa. Hung'oa nyasi, na juu ya mzizi ulio wazi hayashiki lolote.

Shokapu ya mbele iwekwe iwe laini kiasi cha kuzama karibu asilimia 20 ya urefu wa mwendo wake unapokuwa umesimama juu ya pedali, na ya nyuma, kama ipo, asilimia 25 hadi 30. Breki zikaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Breki inayokamata ghafla baada ya kuvutwa nusu nzima bila kufanya lolote haifai kupelekwa chini ya miti hii, kwa sababu haimruhusu mtu kupunguza mwendo kidogo kidogo.

Beba vifaa vya kuziba pancha. Bustani za zamani mara nyingi zimezungushiwa ua wa miti ya miiba, na wenye shamba wanapoukata ua huo, vipande hubaki njiani wiki nyingi. Mwiba mkavu hupenya tairi bila sauti, na njia salama ni kuuacha ulipo mpaka utakapokuwa tayari kuziba. Ukiung'oa mapema upepo wote hutoka hapo hapo. Safisha pia tope lililokauka kwenye matairi na chini ya fremu kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Breki, mizizi na matawi

Gurudumu lililofungwa na breki haliviringiki tena, linalima. Mtu akijifunza jambo moja tu kabla ya kuingia kwenye hifadhi ya namna hii, na ajifunze kusimama bila kuburuta gurudumu la nyuma. Unapopunguza mwendo, uzito wa mwili na baiskeli huhamia mbele, gurudumu la mbele likapata mshiko zaidi na la nyuma likapungukiwa. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, ingawa wanaoanza huiogopa na kutegemea ya nyuma, na matokeo yake ni ile mifereji. Tafuta uwanja mkavu usio na mimea, weka kidole kimoja tu juu ya kila kishikio cha breki, shusha kiti, sogeza makalio nyuma kidogo huku ukishusha visigino, kisha vuta breki ya mbele polepole ukiongeza nguvu taratibu, na ya nyuma uishike kwa wepesi tu. Rudia mpaka uweze kusimama kwenye mstari uliouchagua bila kusikia mkwaruzo wa tairi. Sikio ni mwalimu mzuri hapa, kwa kuwa tairi linaloviringika huvuma na linaloburutwa hukwaruza.

Baada ya hapo, kanuni ya njiani ni kupunguza mwendo kabla ya kona na kabla ya mizizi, kisha kuachia breki unapokuwa juu yake. Mzizi uvukwe ukiwa umenyoosha usukani, na tairi likiukata kwa pembe iliyo karibu na mraba. Ukiuvuka kwa mshazari, hasa ukiwa umelowa, gurudumu litafuata mzizi na wewe utafuata ardhi. Nyanyua uzito wako kidogo kutoka kwenye usukani wakati gurudumu la mbele linapofika, kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango, halafu usogeze mwili mbele ili la nyuma nalo lipite jepesi. Faida yake ni mbili kwa wakati mmoja: hutaanguka, na gome la mzizi halitachubuka. Jeraha la mzizi ni mlango wa kuvu zinazoozesha mbao, na mzizi uliochunwa juu na matairi mia haupati nafasi ya kupona.

Ukikuta dimbwi au tope katikati ya njia, pita katikati yake polepole, au shuka uibebe baiskeli. Wengi huona ni ustaarabu kulikwepa tope kwa kupita kwenye nyasi, lakini hivyo ndivyo njia ya nusu mita inavyogeuka kuwa ya mita tatu. Kwenye mpando mkali tumia gia nyepesi, kaa juu ya kiti na usukume pedali kwa mzunguko laini. Gurudumu la nyuma likianza kuzunguka bila kushika, shuka na utembee. Hakuna aibu.

Sasa kuhusu kichwa. Miti ya matunda ya zamani ilikuzwa kwa shina refu, mara nyingi mita 1.6 hadi 1.8 au zaidi kabla ya tawi la kwanza, ili ng'ombe na kondoo walishwe chini yake bila kuyafikia matawi. Urefu huo unamtosha ng'ombe. Mwendesha baiskeli aliyesimama juu ya pedali hupita hapo kichwa chake kikiwa usawa ule ule wa tawi, au juu zaidi, na msimu wa matunda matawi hulemewa yakashuka zaidi. Kofia ngumu ni lazima, miwani pia, na macho yatazame mbele na juu kwa zamu badala ya kukodolea gurudumu. Matunda yaliyoanguka ni hatari nyingine ambayo ramani haiitaji. Tufaha lililooza huteleza kama sabuni kwenye kona, na juu yake mara nyingi kuna nyigu ambao hawapendi kusumbuliwa. Punguza mwendo, usipinde usukani ghafla, na funga zipu ya shingo.

Kando ya mti mkongwe

Miti ya matunda huzeeka mapema kuliko mialoni. Mtufaha wa miaka 60 huweza kuwa na uwazi ndani ya shina, matawi makavu na gome lililopasuka, mambo ambayo mwaloni hupata baada ya karne kadhaa, ingawa mpea unaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Uwazi huo unaoonekana kama ugonjwa ndio uliofanya bustani hizi zihifadhiwe. Ndani yake hulala popo, huzaa bundi wadogo na vigogota, na katika unga wa mbao zilizooza huishi mabuu wa mbawakawa adimu. Mmoja wao, anayejulikana kwa jina la kisayansi Osmoderma eremita, analindwa na sheria ya makazi asilia ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992. Mabuu wake hukaa miaka kadhaa ndani ya shina moja, na wengi wa wakubwa hawaruki mbali na mti waliozaliwa, kiasi kwamba mti mmoja ukikatika kwenye safu huweza kuwa mwisho wa ukoo mzima. Ujerumani nayo, ambako bustani za aina hii huitwa Streuobst, mwaka 2021 iliuingiza ukulima wake katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa vitendo, haya yanamaanisha kwamba gogo lililolala chini haliguswi. Usilisogeze kutengeneza daraja la kurukia, usilitumie kama kiti, na usiegemeze baiskeli kwenye shina, kwa kuwa kishikio cha usukani huchubua gome kwa uzito wa baiskeli peke yake. Ukitaka kujua umbali wa kukaa na mti nje ya njia rasmi, iwe ni kwa kupumzika au kutengeneza pancha, kipimo kinachopendekezwa England kwa wajenzi wanaokaribia miti mikongwe kinafaa kuazimwa: mara 15 ya kipenyo cha shina, au mita 5 kupita ukingo wa matawi kama umbali huo ni mkubwa zaidi. Shina la sentimita 60, basi, linahitaji angalau mita 9 kila upande. Katika bustani ambayo miti imepandwa mita 10 baina yake hutapata nafasi hiyo, na jibu ni kupumzika njiani au ukingoni mwa bustani.

Kupumzika chini ya miti mikubwa kuna hatari yake pia. Siku ya upepo kila mtu anaijua, lakini matawi makubwa ya miti ya zamani huweza kukatika hata mchana wa joto kali usio na upepo kabisa, bila onyo lolote.

Usiku usiende. Taa kali za baiskeli huwasumbua popo wanapotoka kutafuta chakula, na machweo na alfajiri ndiyo saa za bundi. Majira ya maua, nyuki huwa wengi mchana, na mizinga huwekwa chini ya miti; ukiiona, pita upande wa nyuma wake, si mbele ya mlango wanamorukia.

Watu na mifugo

Geti liache ulivyolikuta. Lililofungwa lifungwe, na lililoachwa wazi kwa makusudi libaki wazi, kwa sababu huenda mifugo inalifuata kwenda kunywa maji. Kondoo wakiwa njiani shuka utembee, maana wakianza kukimbia hukimbilia mbele yako mpaka kwenye ua na kujiumiza. Farasi azungumzishwe kwa sauti ya kawaida kabla hujamfikia. Kengele huweza kumshtua, sauti ya mtu humtuliza. Msimu wa mavuno ngazi huegemezwa kwenye matawi, huku mchumaji akiwa juu haoni chini, kwa hiyo simama, msalimu, ngoja akuitikie ndipo upite. Matunda yaliyo chini si ya mpita njia, hata yakionekana yameachwa.

Ukirudi, ioshe baiskeli siku hiyo hiyo. Vimelea vya udongo vya jamii ya Phytophthora, ambavyo huozesha mizizi ya miti ya aina nyingi, husafiri ndani ya tope lililoganda kwenye matairi, viatu na sehemu ya chini ya fremu, na bustani moja yenye ugonjwa inaweza kuambukiza nyingine kwa safari ya Jumapili moja tu. Ondoa tope kwa brashi kwanza, hasa baina ya meno ya tairi na nyuma ya gia, kisha tumia maji bila shinikizo kubwa ili yasiingie kwenye bearingi. Ioshee mahali ambapo maji hayawezi kutiririka kwenda kwenye miti au mtaro wa shamba, iache ikauke kabisa, kisha tia mafuta kwenye cheni.